Nilivyomchagulia Shangazi Masomo

Bawshar, Maskati

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuuliza kwanza mgongo wako, halafu kifua cha Bibi. Mimi mwili mzima, nala, nalala. Joto limeanza kupungua.

Mama, Shangazi Rayya ameshachagua. Unajua alipata nafasi mbili za shahada ya uzamivu katika historia ya karne za kati. Moja iko hapa hapa Maskati, inachanganya historia, akiolojia, lugha na kupima wino kwa mashine. Nyingine ni ya historia peke yake, Uingereza, miaka minne ya kusoma hati za kale chini ya mwalimu mmoja.

Ijumaa baada ya sala tulikula kwa Baba Mkubwa Nasor. Wanaume sinia lao, sisi wanawake letu chumba cha pili, mlango wazi. Baba Mkubwa akapaza sauti: "Rayya, hiyo ya kuchanganya ni urojo! Bajia humo, kachiri humo, mtu hajui amekula nini."

"Urojo unashibisha, kaka," Shangazi akamjibu. Kisha akanigeukia mimi niliyeshika birika la kunawisha. "Zuwena ndiye anayenisaidia kuzisoma barua za wafanyabiashara wa zamani. Mwanangu, nende wapi?"

Unanijua, Mama. Mbele ya watu hata jina langu nalisema kwa shida. Lakini nimemwona akisoma hati zile mpaka chai inafanya utando. Na vitabu vya kupima wino nimemwona akivifungua, akatazama dirisha. Nikasema, "Kule kwenye hati."

"Bubu kasema!" Baba Mkubwa akapiga kelele, na wote wakacheka.

Shangazi akanifuata jikoni. "Unajua nikenda nafunga nyumba yetu?"

"Nnajua."

"Na chuo chako? Kwa Baba Mkubwa kumejaa wavulana, huwezi kukaa."

"Umeniuliza wewe uende wapi. Hukuniuliza mimi nikae wapi."

Akaniwekea mkono kichwani. Nikaendelea kusuuza masinia. Sikulia. Hadi leo nimekufa ganzi tu, nafanya kazi za nyumba kama kawaida.

Ameshawajibu wa Uingereza kuwa anakwenda. Kibali changu cha ukaazi hapa kiko kwa jina lake, kwa hiyo narudi nyumbani kabla hajasafiri.

Najua majirani mmeshawaambia kuwa nasoma Maskati. Baba mwambie wewe, akiwa ameshakula. Mimi kwenye simu nitanyamaza. Nisalimie Bibi, na maalimu aliyenifunza khati za Kiarabu. Mdogo wangu Salma, kama ameshahamia kitandani kwangu, asihame. Nitatandika chini.

Mwanao,
Zuwena