Rapport ya filme ya mwanamuke muuaji

Adolphine we, acha ugali kwanza usome. Leo nimejiharibia.

Pasteur Bonaventure alinituma, mi présidente ya bamama wa kanisa, nifunge ile filme ya mwanamuke muuaji kwa Dieumerci mwenye salle, kile chumba cha kuonyesha video. Nikishindwa, kiti changu anapewa Nadège.

Nikaingia na Biblia. Filme iko ya mwaka 2190. Mwanamuke iko na mukono wa chuma, anaruka juu ya manyumba, anatafuta ministre, waziri aliyeuza maji yote ya ziwa. Nikasema: akishaua wa kwanza, nafunga.

Adolphine, ameua saba. Mi bado nimekaa.

Ministre akamujia nyuma na kisu. Nikasimama, Biblia juu, nikapaza sauti: "Mwanangu, geuka!"

Salle yote ikanigeukia mi. Dieumerci akasimamisha filme. "Mama présidente, sasa tufunge?"

Nikamujibu: "We mutoto, washa. Ministre angali muzima."

Na nani anapiga vigelegele nyuma yangu? Nadège. Alikuja kunipeleleza.

Rapport, ile ripoti ya kumupa Pasteur, mi na Nadège tumeiandika pamoja: dhambi iko nyingi sana, bamama wote ishirini warudi kesho kuichunguza.