Kwa Nini Wamehamia Mashine

Kisii, Jumanne, Aprili 1998. Mvua tangu saa nane, na tangu saa nane hakuna mteja.

Nimezoea kujilaumu kwa mambo madogo. Leo nimepata kubwa.

Kwa miaka mingi akina mama wa soko la Daraja Mbili walikuwa wakiniwekea pesa zao. Jioni, ndizi zikiisha, wanapita dukani, kila mmoja na kitambaa chake kilichofungwa fundo, nami naviweka kwenye mkebe wa biskuti. Sikuwatoza chochote. Tangu mume wangu, baba Nilesh, afariki na mwanangu Nilesh ahamie Uingereza, hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu ya kuongea na watu.

Kisha benki ikaweka mashine ya kutoa pesa. Wakapewa kadi, wakaacha kuja mmoja mmoja. Nikasema ni ushamba tu, wanapenda vitu vipya. Hata Nilesh nilimwandikia hivyo, kwa hasira.

Leo Kerubo, muuza ndizi, aliingia kujikinga na mvua. Nikamwuliza, huku nacheka kicheko cha uongo, mashine imewapa nini ambacho mimi sikuwapa. Akatazama sakafu.

"Mama Nilesh, wewe si mtu mbaya. Lakini mzee wangu akienda kuuliza hiyo mashine, inanyamaza."

Nikakumbuka. Mwezi wa Januari mume wake alikuja kununua sukari, akauliza kwa upole kama pesa za mkewe ziko salama. Nikajibu kwa majivuno kabisa: ziko salama, tena ni nyingi. Kesho yake Kerubo alichukua kitambaa chake bila neno. Sikumwuliza.

Leo ndipo Kerubo akanieleza: zilikuwa za karo ya binti yao, Bosibori. Mume alimlazimisha ampe, akanunua redio. Msichana yuko nyumbani hadi leo.

Soko zima lilijua isipokuwa mimi.

Nilimpa chai, akakataa, mvua ikapungua akaenda zake. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Miezi yote hii nimekaa peke yangu nikiilaumu mashine, kumbe ni mdomo wangu.

Kesho asubuhi sifungui duka. Nitakwenda Daraja Mbili, nimwombe Kerubo msamaha mbele ya wenzake, na karo ya Bosibori nitailipa mimi.

Si ili warudi. Wakiniuliza, nitawaambia wabaki na mashine.