Kilo Moja na Robo

Wodi ya watoto njiti, 9 Februari

Bibi,

Shikamoo. Natumaini magoti yako yamepunguza ubishi na duka linakwenda. Mimi ni mzima, ila nimekwisha kujifungua. Ndiyo, umesoma sawasawa: miezi saba na siku chache. Nilikuwa kiwandani nahesabu karatasi za madaftari, nikafika mia nne na kumi, chupa ikapasuka. Mpaka sasa sijui ya mia nne na kumi na moja iko wapi.

Ni wa kiume. Kilo moja na robo. Yumo kwenye kioo, ana mpira puani, na taa inammulika kama kifaranga. Humu hakuna asubuhi wala jioni, Bibi. Kuna mwanga tu, na mashine zinazolia taratibu, nami naona kama niko usingizini, na aliyezaa ni mtu mwingine.

Nesi anataka nimweke kifuani, ngozi kwa ngozi. Mikono inakataa. Naogopa nikimzoea ataondoka.

Usisumbuke kuja, wanaingiza mama tu.

Mjukuu wako

Dukani, 11 Februari

Mjukuu wangu,

Salamu zimefika. Magoti yanauma na yataendelea kuuma, usiyaulize tena.

Barua nimeisoma mwenyewe, usidhani nimesomewa. Wewe ndiye uliyenifundisha herufi kwenye magunia ya unga ukiwa darasa la pili, leo unaniandikia mambo ya kunichanganya. Mtoto yumo kwenye kioo! Nikaenda kwenye kioo cha kabati. Nikajiona mimi na meno yangu matatu. Nikakaa pale nusu saa nzima, nikingoja mtu mdogo apite nyuma yangu. Dereva wa gari la vifurushi ndiye aliyenieleza kuwa ni sanduku la kupashia watoto joto. Akacheka. Nikamwambia cheka, lakini barua yangu ifike kesho. Andika "sanduku", mwanamke!

Na huyo mchumba wangu mwambie: mwanamume gani anafika miezi miwili kabla ya siku, hajanenepa, na bibi harusi hajapaka hata mafuta?

Hiyo kilo moja na robo sikuielewa kwenye karatasi. Basi nimepima sukari, kilo moja na robo kamili, nikaiviringisha kwenye kitambaa na kuifunga kifuani, ndani ya gauni. Nauza nayo. Mteja mmoja akasema, "Mama Mizani, mbona kifua kimerudi uzeeni?" Nikamwambia nunua chumvi uende.

Jana mchana nilisinzia kwenye kiti changu cha kaunta. Sukari ilikuwa imeshika joto langu. Ikapumua. Sikufungua macho.

Kila barua nitajie uzito. Nami nitaongeza.

Bibi yako

Wodini, 16 Februari

Bibi,

Shikamoo. Hiyo sukari haijakuletea sisimizi?

Kilo moja na gramu mia moja na thelathini. Ameshuka. Nesi anasema wote hushuka kwanza, nisiogope, lakini anasema huku anaandika, hanitazami.

Nakamua maziwa kwa mkono, kijiko kimoja hivi, yanapita kwenye mpira. Natazama tone linavyoteremka, linavyosita, linavyoingia. Siku nzima inapita ndani ya tone moja. Nikiingiza kidole kwenye tundu la sanduku (sanduku, umefurahi?) anakishika. Kisha nakitoa. Mume wangu husimama nje ya dirisha akinipungia mkono, utadhani nimepanda gari linaloondoka.

Bado sijambeba. Usinigombeze.

Mjukuu wako

Dukani, 18 Februari

Mjukuu wangu,

Sijambo. Nakugombeza.

Nimetoa sukari, gramu mia moja na ishirini. Nilichota kwa kijiko, kidogo kidogo, ikaniuma kama najikata nyama. Miaka arobaini napima, sijawahi kuona mizani ikiwa na roho mbaya kiasi hicho.

Sasa sikiliza, maana jambo hili siandiki mara mbili. Kabla ya mama yako, Mungu amlaze pema, nilizaa mwingine. Wa kike. Alikuja mapema kama huyo wako. Wakubwa wakaniambia usimshike, utamzoea. Nikatii, mimi ambaye siku hizi simtii mtu. Wakamlaza kwenye pamba, ndani ya kapu, upande wa pili wa chumba. Siku nne nilimtazama kama wewe unavyotazama hilo tone lako. Siku ya tano kapu lilikuwa tupu.

Nimepima unga, mchele, misumari, sabuni. Yule sijui alikuwa na uzito gani.

Unadhani kutomshika kulinipunguzia kitu? Nilimzoea vilevile. Nilimzoea kwa macho, mikono ndiyo iliyobaki bila chochote.

Mimi kikongwe nimebeba sukari. Wewe una mtoto. Vua blauzi, mjinga wewe.

Bibi yako

Dukani, 3 Machi

Mjukuu wangu,

Hujambo? Mchumba wangu hajambo?

Siku kumi na tatu. Dereva akifika anatikisa kichwa kabla sijauliza. Nimemkataza asitikise.

Sijui niongeze au nipunguze, kwa hiyo sijagusa. Kitambaa kimeanza kunata. Juzi sukari iliisha dukani, mteja akataka auziwe hii ya kifuani. Alitoka na ufagio mgongoni.

Kama neno ni baya, liandike. Nilijifunza kusoma, basi nitasoma.

Hapa sigombi.

Bibi yako

Wodini, 9 Machi

Bibi,

Shikamoo, na unisamehe. Sikuwa na mkono wa kuandikia.

Barua yako ya kapu ilinikuta siku ambayo alisahau kupumua mara mbili. Nesi alimgusa unyayo, akakumbuka. Nikaisoma barua nimesimama. Nikavua blauzi.

Nesi akamtoa na mipira yake yote, akamlaza kati ya matiti yangu kama chura, akatufunga pamoja kwa kitambaa. Alikuwa mwepesi mpaka nikauliza kama ameshamweka. Kisha nikamsikia. Moyo wake unakwenda kama vidole vinavyohesabu karatasi. Mia nne na kumi na moja, nikasema.

Alipata homa, akapewa dawa siku nane. Sikumshusha ila kwa lazima. Nilisinzia, nikaamka, nikasinzia, na mara nyingi sikujua anayepumua ni mimi au ni yeye. Hata sasa yuko hapa, nesi ndiye amenishikia karatasi.

Kilo moja na gramu mia nne na themanini. Mpira wa puani umetoka. Akifika kilo moja na mia nane wanaturuhusu, na tutakuja moja kwa moja kwako. Safisha mizani.

Mama wa mchumba wako

Dukani, 29 Machi, asubuhi

Mjukuu wangu,

Barua hii siitumi, utaikuta kwenye kaunta.

Kikaratasi chako kilifika. "Kilo moja, mia nane na kumi. Jumamosi." Maneno saba, hata salamu hakuna. Umekuwa mama, adabu imekwisha.

Nikaongeza sukari kwa mara ya mwisho. Ilikuwa nzito, ikanivuta shingo, nikatembea nayo dukani huku na huku kama mwendawazimu. Kisha nikaifungua, nikaimwaga yote kwenye bakuli kubwa. Atakayekuja kumtazama atachota humo sukari ya chai yake. Tangu hapo kifua kinashtuka, kinaona kimesahau kitu.

Mizani nimeisafisha kama ulivyosema. Nikaitazama. Nikaifunika gunia, nikaisukuma chini ya kaunta. Ukifika usinitajie gramu.

Nimefunga duka. Nimenawa. Nimekaa mlangoni, mikono iko wazi juu ya magoti.

Mchumba wake