Jumatatu Nimeiweka Kando, Mwalimu

Mwalimu,

Shikamoo. Marahaba yako nitaisikia moyoni, kama nilivyoizoea.

Ni mimi Veneranda, uliyenifundisha ukatekista tangu enzi zile nasoma somo la kwanza kanisani. Tangu tukuzike, Pasaka nyingine imepita, na vigango vyako vyote, yale makanisa madogo ya vijijini, viko mikononi mwangu. Hata baiskeli yako ninayo. Mkeo, Mama Anjela, ndiye aliyenikabidhi, akaniambia nikazibe pancha ya nyuma.

Mwanzoni nilifanya kama ulivyofanya wewe. Jumapili ibada huku na kule, Jumatatu wagonjwa, Jumanne wakatekumeni wanaojiandaa kubatizwa, kisha sala za jumuiya, kisha ugomvi wa ndoa ya fulani, simu ikiita hata nikiwa kwenye bani nachochea moto wa kukaushia tumbaku. Nilikula nimesimama. Watu wakasema, "Huyu kweli ni mtoto wa Mwalimu," nami nikafurahi.

Siku moja nikapita kumjulia hali Mama Anjela. Nilimkuta anakula ugali kwa kisamvu, mlango wazi, hana mtu. Nikampa pole ya upweke. Akanivutia kigoda, akasema taratibu tu, "Kula peke yangu nilishazoea, mwanangu. Hilo halikuanza na msiba."

Hakusema kwa ubaya. Anakupenda mpaka leo. Lakini nilirudi nyumbani naisukuma baiskeli, sikuipanda. Nikamkumbuka yule daktari wa Urambo alivyokuambia presha yako inataka mapumziko, nawe ukamjibu, "Baada ya Pasaka." Nikakumbuka ulivyozoea kutuambia, "Nitapumzika nikifika kwa Baba," nasi tunacheka. Pasaka ikaisha, na wiki ileile ukaanguka njiani ukienda kwa wagonjwa.

Nakuheshimu, Mwalimu, na kwa hili nakukatalia. Uliwafundisha watu wote kuitakasa siku ya Bwana. Uliwazuia wasiende shamba Jumapili hata majani ya tumbaku yakiwa yameiva. Ni wewe tu ambaye hukuwa na siku. Kwetu sisi makatekista Jumapili ndiyo siku ya jasho, basi mapumziko yetu lazima yapate siku nyingine. Nikaenda kwa Mzee Bukuru, mwenyekiti wa kigango, nikamwambia kuanzia sasa Jumatatu nitakuwa mama wa watoto wangu.

Akaniuliza, "Na mtu akifa Jumatatu?"

"Wapo wasomaji niliowafundisha. Watasalisha wao."

"Mwalimu asingekubali."

"Najua," nikamjibu.

Na kweli mtu akafa Jumatatu, bibi mmoja jirani yetu. Simu ilipoita nikamtuma Yusta, binti anayesoma masomo Jumapili. Msibani nilikwenda, singeweza kukosa. Ila nilikwenda kama jirani, nimejifunga kanga kiunoni, nikakaa mkekani na akina mama tukichambua mchele. Yusta akaanzisha wimbo juu mno, watu wakashindwa kumfuata. Nilitaka kunyanyuka, Mwalimu. Koo lilikuwa tayari. Nikajikaza, nikaendelea kutoa mawe kwenye ungo. Yusta akavuta pumzi, akaanza upya chini zaidi, na uwanja mzima ukaitikia.

Ndipo nikalia. Akina mama walidhani namlilia yule bibi, kumbe nilikuwa nakulilia wewe. Siku ya kukuzika nilisalisha mimi, kuanzia nyumbani mpaka kaburini, nikipanga nani abebe msalaba na nani aongoze rozari, kisha nikarudi kwangu macho makavu. Hapo mkekani hakuna aliyenihitaji. Nikapata nafasi. Mama Anjela alikuwa pembeni yangu, na nadhani alijua, maana alinishika goti.

Tangu hapo Jumatatu anashinda kwetu. Anawabishia watoto wangu mambo ya shule, nami nasikiliza habari ambazo zamani zilinipita. Mzee Bukuru naye juzi alimjibu mtu aliyekuwa akinitafuta, "Leo nenda kwa Yusta." Jumanne ikifika naendesha baiskeli nikiwa na nguvu zangu zote, nafika kwa mgonjwa nikiwa na muda wa kukaa, simwachii sala ya haraka mlangoni. Sioni haya. Kazi ni ya Mungu. Ilikuwepo kabla yako, na inaendelea nikiwa nimelala.

Basi lala, Mwalimu. Ulichoka kwelikweli, na huko hakuna simu. Vigango vyako nitavitunza mpaka niwe kikongwe, maana nimekusudia kudumu. Yusta nitamfundisha kila ulichonifundisha. Na nitamfundisha pia kukaa chini.

Mwanao katika utume,
Veneranda