Kitambaa cha Hema Ambacho Sikukichemsha

Dodoma, Alhamisi, mtama ukiwa umekwisha kuingia ghalani. Ni mwaka wa kumi na nane tangu niondoke Gulwe.

Ndahani mwenzangu,

Mwendwa amekufa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikalisha chini kuandika, ingawa hukuwahi kujifunza herufi na sasa huna haja nazo.

Habari ameniletea Chalo. Yule Chalo wetu aliyekuwa akitapika kila mtumbwi ukiyumba, leo ana ndevu na anafanya kazi stesheni ya Gulwe. Ndiyo, Gulwe ina stesheni. Wajerumani wamepitisha reli, na ukipanda treni hapa Dodoma asubuhi, jua halijazama umekwisha kufika kwenu. Chalo anasema Mwendwa alifia Chamwino, kwa watu baki, na kwamba Gulwe wangali wanasimulia kuwa ni yeye aliyekuletea ndui. Alilisema hilo huku anakunywa uji wangu, kama mtu anayesema mvua ilichelewa. Nikamwongezea uji. Nimekwisha kuzoea.

Unakumbuka ulivyokuwa mwaka ule. Sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe, maziwa hakuna, na ziwa lenu la Gulwe limejaa samaki ambao Wagogo hamkutaka hata kuwatazama. "Mswahili, utatulisha nyoka wa majini mpaka lini?" Uliniuliza hivyo huku mkono wako uko ndani ya chungu. Tukachukua vijana sita na mitumbwi miwili, nami nikawafundisha kazi niliyojifunza pwani: kushika usukani, kulegeza kamba upepo ukizidi, kushusha tanga kabla hujaogopa. Wewe uliwafundisha kutii, maana mimi hawakunisikia.

Kisha ndui ikaja na misafara kwa njia ya Mpwapwa. Mimi nilitaka tuvunje chuo chetu, kila kijana arudi kwa mama yake. Ulikataa. "Nyumbani kuna njaa na kuna ugonjwa. Hapa kuna ugonjwa wa kutapika wa Chalo tu."

Masharti yote yalikuwa yako. Vijana walale ziwani, mtu asiende kijijini. Watatu wa mtumbwi huu wasichanganyike na watatu wa ule, si kwa chakula, si kwa malazi. Kila mmoja na kibuyu chake cha maji. Wa kwenda na kurudi tuwe wawili tu, mimi na Mwendwa, yule mjane aliyetuletea chakula, kwa kuwa sote tulikuwa na makovu ya ndui ya utotoni na haikuweza kutushika tena. Na kila kinachotoka njia ya misafara kichemshwe kabla hakijavuka mstari wa miiba ulioutandaza mwenyewe. Mwendwa alikuwa akiweka chungu juu ya jiwe, anarudi nyuma hatua zake, kisha anaita: "Haya, wana wa samaki, njooni mle chakula cha watu." Vijana walicheka mpaka uji unapoa. Hakuna aliyeugua. Mwezi mzima, na mwingine, hakuna.

Halafu tanga la mtumbwi mkubwa likachanika.

Nilikwenda kambini kwa misafara nikakuta hema limeachwa, kitambaa kizito, kizima, cheupe. Sikuuliza kwa nini mtu aache mali kama ile. Hapana, niandike sawasawa: sikuuliza kwa sababu nilijua. Lakini mimi ni mshona tanga, Ndahani, na tangu nitoke pwani sikuwa nimeshika kitambaa kama kile. Kitambaa cha namna ile kikichemshwa kinarudi, kinasinyaa, na tanga likirudi pembe moja halishiki upepo tena. Nikakianika juani kutwa moja. Ulipouliza, "Umekichemsha?" nikajibu, "Nimekichemsha." Hukuuliza mara ya pili. Mimi ndiye niliyejua kazi ya vitambaa.

Kushona tanga kunataka watu wawili, mmoja avute na mmoja ashone. Ulikivuta wewe. Siku mbili nzima kilikuwa mapajani mwako, na ulipochoka mikono ulikishika kwa meno, ukinicheka kwamba nashona kama bibi harusi.

Homa ilipokuanza hukumwambia mtu. Ulivuka mstari wa miiba peke yako ukaenda kulala kwenye kibanda cha wafukuza ndege mashambani, na ulipotuona tunakuja ulitufukuza kwa mawe. Vijana wote sita walinusurika kwa sababu hiyo. Tanga lile halikuwahi kupandishwa. Nililichoma siku uliyokata roho, na wao wakadhani ni desturi ya pwani, kwamba ndivyo tunavyomlilia nahodha. Sikuwakanushia.

Tulipokuzika, ndugu zako walitafuta mlango ugonjwa ulipoingilia. Kwetu walioingia ni wawili. Mmoja alikuwa rafiki yako, mwalimu, msoma vitabu. Mwingine mjane asiye na kaka wa kumtetea. Mwendwa aliapa kwamba hakuvuka jiwe hata siku moja, na alipokuwa akiapa alinitazama mimi, maana mimi nilikuwa shahidi wake. Niliangalia chini. Wakabomoa paa la tembe yake, naye akaondoka na chungu kichwani. Mwezi ule ule na mimi nikaondoka, nikasema naenda kutafuta kazi.

Ungekuwa hai ungenisamehe hema, nadhani. Ungenitukana kwanza. La Mwendwa usingenisamehe.

Chalo anasubiri treni ya kesho. Nitampa barua nyingine, fupi kuliko hii, aisome mbele ya ndugu zako na mbele ya kila aliyeshika boriti za paa lile. Nimekwisha kuiandika, jina langu liko juu, si chini. Nakuahidi sitaichukua tena mkononi mwake. Wanawe Mwendwa wako Chamwino. Kwao sitatuma mtu. Nitakwenda kwa miguu yangu, wanifanye watakavyo.

Lala salama, mwenzangu. Ningekuja kusimama kwenye kaburi lako, lakini ningepita kwanza mahali ilipokuwa tembe ile, na sijui ningepitaje.

Mimi Gulwe sitarudi.