Nataka Kupunguza Matiti, Mama Mkwe Hajui

Mpendwa Dada Muazzam, naomba unisikilize kabla hujanicheka, matiti yangu ni makubwa mno tangu usichana, sasa nina watoto watatu na hatutaki mwingine, mgongo unaniuma hata nikikaa, mikanda ya sidiria imenichimba mabega, joto likizidi natoka vipele, na kila nikiinamia tanuri kubandika mikate kwenye kuta zake za ndani naungua kifua, majirani hapa Margilan wananitania, "Zulhumor, angalia usijioke mwenyewe!" nacheka nao kisha naingia ndani nalia. Daktari amekubali kunipasua, mume wangu Odil ameridhia, ila yeye ni kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye hubaki na wazazi, kwa hiyo tunaishi na mama yake, na mikate yote ya nyumba ni juu yangu. Mama akisikia atasema namkosoa Mungu, Odil anajigamba, "Mama niachie mimi," lakini mbele yake hata chai anakunywa kimya, basi nimepanga kuaga kwamba naenda kwa dada yangu, wiki ikiisha nirudi tanurini, na nitavaa ile sidiria ya mikanda mipana yenye pamba, Mama huyuhuyu alinishonea mwenyewe bila mimi kumwomba, itaficha kila kitu. Je, nitaweza?

Zulhumor

Zulhumor mdogo wangu, pole. Sikucheki hata kidogo. Mgongo unaouma si mambo ya urembo, na anayesema unajiremba mwache aseme.

Lakini wiki moja? Thubutu! Hivi daktari alipokuwa anakueleza ulikuwa unasikiliza? Utaamka na bandeji, pengine na mirija ya kutoa damu, umevimba na unaumwa. Kunyanyua mikono, kubeba unga, kuinamia moto, yote hayo usiguse kwa wiki kadhaa, mpaka daktari mwenyewe akuruhusu. Ukikaidi, mshono utafumuka, na hapo utamwambia mama mkwe nini? Makovu yatafifia lakini hayaondoki. Chuchu huenda zikafa ganzi. Kunyonyesha huenda kukawa kugumu, kwa hiyo mkisema hamtaki mwingine, muwe na hakika. Ukipata homa, au kidonda kikiwa chekundu, rudi hospitali mara moja. Wengi hushukuru baadaye, ila nenda ukijua.

Odil aache kunywa chai kimya. Mikate atanunua sokoni, hatakufa.

Na hiyo sidiria, mdogo wangu, usiifanye ya kufichia. Aliyeweka pamba kwenye mikanda ameshayaona mabega yako. Kamwambie yeye kwanza, leo, halafu mwombe akushikie tanuri.