Vitunguu vya Maua Nilivyovionea Huruma

Mama Naserian wangu,

Takwenya. Hapa Kitengela siku hizi sina wa kuniitikia "iko" kwa Kimaasai chenu. Uko aje huko kwa Bwana? Kile kifua kimepoa? Mimi niko mzima kwa neema, ni roho tu haitulii.

Unakumbuka yale maua ya tulipu ya harusi ya Naserian? Ulipolazwa Kajiado uliniachia friji yenye vitunguu vyake, ukasema, "Mama Mwende, wiki kumi na nne kwa baridi. Hata vikikulilia, usiviguse."

Dada, wiki ya kumi nilivitoa. Nilifungua nikakuta vimechomoza ncha za kijani, na mimi mtoto wa Ukambani nimelima vitunguu vya kula tangu utoto: kikishaota, kinaenda kwa udongo. Nikavionea huruma mle gizani. Nikavipanda siku hiyo hiyo, tena nikiimba.

Ulipotoka hospitali maua yalikuwa yamefunguka chini kabisa, ndani ya majani, shina fupi kama kidole. Hakuna pa kushika. Naserian akaolewa na waridi za kununua. Uliketi juu ya ndoo ukaniuliza, "Ulingoja zote kumi na nne?" Nikasema ndiyo. Ndiyo! Mimi, mwombezi wa kanisa. Ukasema pole pole, "Basi nilikuelekeza vibaya. Baridi ndiyo huvuta shina, na sikuyapa ya kutosha."

Nikajiambia nitakueleza ukipata nguvu. Hukupata.

Sasa Naserian ndiye ako na greenhouse yako. Amebandika karatasi kwa friji: wiki kumi na nane. "Mama alisema kumi na nne hazitoshi," ananiambia. Mashina yamekuja marefu, malegevu, yanalala chini kama yamelewa. Anayafunga kwa kamba, moja moja. Jana amesema akimaliza haya atang'oa kila kitu, eti mkono wako wa kupanda haukumfikia.

Nilikuwa namshikia kamba. Nikamkatia nyingine.

Hukukosea, dada. Kumi na nne zilikuwa sawa.

Jumapili tukitoka ibada nitamwambia yote, na ile karatasi nitaibandua mbele yake. Akinifukuza, nitaenda. Lakini msimu ujao apande vile ulivyosema.

Pumzika sasa. Na kama Mungu anaruhusu, nijibu upesi, kabla ya Jumapili. Naogopa.

Wako katika Kristo,
Mama Mwende